Kati ya Darasa na Maabara

Mwezi wa Februari 2022, Renfe, kampuni ya reli ya Hispania inayoshiriki kuendesha treni ya mwendo kasi ya Haramain, ilitoa takwimu iliyozunguka dunia kwa siku mbili tatu kisha ikasahauliwa. Kampuni ilikuwa imetangaza nafasi 30 za udereva wa treni kwa wanawake wa Saudi Arabia, na yakaja maombi 28,000. Mahujaji wa kwetu wanaifahamu reli hiyo: kilomita 450 kutoka Makka hadi Madina kupitia Jeddah, kwa mwendo unaofika kilomita 300 kwa saa. Kukishika chombo cha namna hiyo kunataka mtu aelewe umeme, breki, ishara na uzito unaosukumwa mbele yake, na kwa kila kiti kimoja cha dereva walijitokeza wanawake zaidi ya 900. Miaka minne kabla ya hapo, hakuna hata mmoja wao aliyeruhusiwa kuendesha gari dogo kwenda sokoni.

Takwimu hiyo inafaa kuwekwa mezani kila tunapozungumzia wasichana na sayansi, maana mazungumzo hayo, huku Afrika Mashariki kama huko Uarabuni, yamezoea neno moja: kuhamasisha. Tunaandaa kongamano, tunachapisha fulana, tunamwalika mhandisi mmoja wa kike aje awaambie mabinti kwamba wanaweza. Dhana iliyojificha humo ni kwamba kilichopungua ni moyo wa msichana mwenyewe. Historia ya Jeddah na Riyadh, tangu miaka ya 1950 hadi leo, inanipeleka kwenye hukumu nyingine. Moyo ulikuwapo mapema kuliko tunavyodhani. Kilichokosekana kwa miongo sita ni njia ya kumtoa msichana darasani na kumfikisha maabara: idara ya kusomea, sheria ya kumruhusu, usafiri wa kumpeleka, mwajiri wa kumpokea. Tena kuna jambo la pili, gumu zaidi kidogo. Karibu kila mlango uliofunguliwa kwa wasichana wa Saudia ulifunguliwa kwa jina la mtu mwingine, yatima, mama, mgonjwa, au uchumi wa taifa, na mlango wa namna hiyo huwa na upana wa yule aliyetajwa, si wa yule anayepita.

Tuanze Jeddah, kwa kuwa ndiko mambo yalikoanzia. Jeddah ni bandari, na bandari haiwezi kujifungia. Kwa karne nyingi ilipokea Wahindi, Wajava, Waturuki, Wahadhrami, Wahausa na watu wa pwani yetu, na ndani ya nyumba zake ndefu za madirisha ya mbao wasichana wa familia zenye uwezo walifundishwa Kurani na kuandika na walimu wa kike. Shule rasmi ya wasichana ilikuwa jambo jingine. Iffat Al-Thunayan alizaliwa mwaka 1916 na kukulia Istanbul, katika miaka ambayo dola ya Uthmaniya ilikuwa ikibomoka na jamhuri ikisimamishwa juu ya vifusi vyake. Mwaka 1932 aliolewa na mwanamfalme Faisal, aliyekuwa akimwakilisha baba yake, Mfalme Abdulaziz, katika eneo la Hijazi. Alikuwa amepita shule. Nchi aliyoingia haikuwa na shule ya serikali kwa ajili ya mabinti. Mwaka 1955 alianzisha Dar al-Hanan mjini Jeddah, na mbinu yake ndiyo inayonivutia kuliko tarehe yenyewe. Shule ilianza kwa sura ya makazi ya yatima. Nani angesimama hadharani kupinga malezi ya yatima katika dini ambayo Mtume wake mwenyewe alilelewa yatima? Chini ya kivuli hicho herufi na hesabu ziliingia, na wazazi walipoanza kuuliza kwa nini mabinti wao wanaoishi na baba zao wanyimwe kile wanachopewa yatima, hoja ya pili ilikuwa tayari: mama aliyesoma hulea watoto wema. Ilikuwa hoja salama, na ilishinda. Lakini angalia ilichokubali kimyakimya. Ilikubali kwamba msichana anasomeshwa kwa faida ya mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Serikali ilipofuata nyayo, ilifuata kwa masharti hayo hayo. Oktoba 1959 Mfalme Saud alitangaza kwamba shule za wasichana zitafunguliwa, na mwaka 1960 ukaundwa Urais Mkuu wa Elimu ya Wasichana, chombo chenye makao Riyadh kilichotengwa kabisa na Wizara ya Elimu na kuwekwa chini ya usimamizi wa Mufti Mkuu, Sheikh Muhammad ibn Ibrahim Al al-Shaykh. Shule 15 za msingi zilifunguliwa mwaka huo, na walimu wengi walitoka Misri, Palestina, Jordan na Syria, kwa kuwa nchi haikuwa na walimu wa kike wa kutosha. Yaliyotokea Buraydah, mji wa eneo la Qasim kaskazini-magharibi ya Riyadh, yamesimuliwa mara nyingi: mwaka 1963 wanaume wa mji huo walikwenda Riyadh kupinga shule iliyopangwa kufunguliwa kwao. Faisal, wakati huo mrithi wa kiti na waziri mkuu, hakurudi nyuma. Jibu lake kwa muhtasari lilikuwa kwamba hakuna anayelazimishwa kumpeleka binti yake, na hakuna atakayemzuia jirani anayetaka. Inasimuliwa kuwa kwa muda mrefu wa mwaka wa kwanza mwanafunzi pekee alikuwa binti wa mwalimu mkuu. Kisha madarasa yakajaa. Watu wanaoisimulia hadithi hii huishia kwenye upinzani. Mimi naona sehemu yenye uzito ni ile ya mwisho, yaani jinsi upinzani ulivyoyeyuka haraka baada ya shule kusimama na kuonekana.

Hapa panahitaji haki kidogo. Ipo hoja, na inatolewa na Wasaudia wenye elimu kubwa, kwamba kutenganisha wanaume na wanawake ndiko kulikowezesha elimu hiyo, na kwamba anayelaumu kuta hajui zilivyowatuliza wazazi. Nusu ya hoja hiyo ni kweli, na sisi wa pwani tunapaswa kuielewa kuliko wengine, kwani Zanzibar ilipofungua shule ya serikali ya wasichana mwaka 1927 ilikabiliana na wazazi wa aina ile ile, waliozoea kuwatawisha mabinti wao, na ikalazimika kuwathibitishia kwamba mtoto anayetoka nyumbani bado amesitiriwa. Kuta za Riyadh zilizaa hata kitu ambacho nchi nyingi zilizojisifu kwa uhuru hazikukipata: mahitaji makubwa na ya kudumu ya wanawake wasomi. Kama msichana hafundishwi na mwanamume, lazima apatikane mwalimu wa kike wa fizikia. Kama mgonjwa wa kike hapendi kupimwa na mwanamume, lazima apatikane daktari wa kike. Mwaka 1970 chuo cha kwanza cha ualimu cha wasichana kilifunguliwa Riyadh, na katikati ya muongo huo wasichana walikuwa wakiingia masomo ya tiba katika Chuo Kikuu cha Mfalme Saud mjini Riyadh na Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz mjini Jeddah. Palipokosekana profesa wa kike, uhandisi ulitumiwa kuilinda mila: mhadhiri mwanamume alikaa katika studio upande wa wanaume, akafundisha mbele ya kamera, na wasichana wakamtazama katika televisheni ndani ya jengo lao, wakiuliza maswali kwa simu. Yeye hakuwaona, wao walimwona. Ni mojawapo ya vituko vya historia ya elimu kwamba maelfu ya wanawake walikutana na sayansi kwa mara ya kwanza kupitia mtambo uliowekwa ili wasionekane.

Nusu ya pili ya hoja ndiyo inayoanguka. Mahitaji yaliyozaliwa na kuta yalikuwa na kikomo cha kuta. Mwalimu wa wasichana, sawa. Daktari wa wanawake na watoto, sawa. Je, mhandisi wa petroli? Chuo cha petroli na madini cha Dhahran, kilichoanzishwa mwaka 1963 na kulea kizazi kizima cha mameneja wa kampuni ya mafuta ya Aramco, hakikuwa na nafasi hata moja ya msichana wa shahada ya kwanza hadi mwaka 2021. Sheria ya kazi ya mwaka 2005 bado ilisema mwanamke afanye kazi katika fani zinazoafikiana na maumbile yake. Maumbile hayo yanaafikiana na nini hasa, sheria haikueleza, na ukimya huo ulimwachia kila meneja kuwa mufti wa kiwanda chake. Matokeo yake yalionekana katika hesabu. Ripoti ya sayansi ya UNESCO ya mwaka 2015 iliweka idadi ya wanawake chini ya 2 katika kila watafiti 100 wa Saudi Arabia, ilhali wanawake walikuwa zaidi ya nusu ya wahitimu wa sayansi katika vyuo vikuu vya nchi hiyo hiyo. Darasa limejaa, maabara tupu. Anayesema tatizo lilikuwa hamasa aeleze basi wale waliojaa darasani walihamasishwa na nani.

Faida iliyokuwa ikipotea si jambo la kukisia, kwani wachache waliopenya walituachia mfano. Samira Islam alipata shahada ya uzamivu ya elimu ya dawa katika Chuo Kikuu cha Alexandria mwaka 1970, akarudi Jeddah na kuwa miongoni mwa waliosimamisha masomo ya wasichana katika Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz, na mwaka 1983 akawa profesa. Swali lililomshughulisha linaonekana dogo mpaka ulitafakari. Dawa nyingi huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini, na vimeng'enya hivyo hurithiwa: kuna watu ambao ini lao humaliza dawa upesi, ikatoka kabla ya kufanya kazi, na kuna ambao huimaliza polepole, ikajikusanya mwilini hadi kuwa sumu. Vipimo vilivyoandikwa kwenye vikaratasi vya dawa, dozi za kutwa mara tatu, vilipatikana kwa kuwajaribia watu wa Ulaya na Marekani. Je, ini la mtu wa Jeddah linafanya vivyo hivyo? Samira Islam alikwenda kupima, akachora picha ya jinsi miili ya Wasaudia inavyoshughulikia dawa, na akaongoza kitengo cha kufuatilia dawa katika kituo cha utafiti wa tiba cha chuo chake. Mtu aliyekaa katika kampuni ya dawa ya Basel, Uswisi, asingekuwa na sababu ya kuuliza swali hilo. Hapa hoja ya mama inapitwa na wakati kabisa: faida ya kuwa na mwanasayansi wa kike Jeddah ilimfikia kila mwanamume wa Saudia aliyewahi kumeza kidonge. Hospitali Maalumu ya Mfalme Faisal mjini Riyadh inatoa mifano mingine. Selwa Al-Hazzaa aliongoza idara yake ya macho na kumtibu Mfalme Fahd mwenyewe, na Khawla Al-Kuraya, kwa utafiti wake wa jeni za saratani, mwaka 2010 alikuwa Msaudia wa kwanza wa kike kutunukiwa nishani ya Mfalme Abdulaziz ya daraja la kwanza.

Mtu atauliza, kama hao walifika, si ishara kwamba njia ilikuwapo? Njia ilikuwapo kwa mwenye familia iliyotaka, fedha za kumsindikiza, na ustahimilivu usio wa kawaida. Hayat Sindi, mzaliwa wa Makka, alikwenda London mwaka 1991 akiwa na Kiingereza kidogo, baada ya kumshawishi baba yake, akasoma elimu ya dawa King's College na mwaka 2001 akapata uzamivu Cambridge. Baadaye alishiriki kuasisi shirika la Diagnostics for All, lililobuni kipimo cha bei nafuu kilichochapwa kwenye kipande cha karatasi: tone la damu linabadilisha rangi na kuonyesha hali ya ini la mgonjwa anayetumia dawa kali, hata pale ambapo hakuna umeme. Sifa zake zinamstahili. Lakini ramani ya safari yake ndiyo ushahidi ninaoutafuta: kutoka Makka hadi maabara, njia fupi ilipita Uingereza na Marekani. Mpango wa ufadhili wa Mfalme Abdullah, ulioanza mwaka 2005, uliipanua njia hiyo ya nje kwa maelfu ya wasichana, ila kwa sharti la maharimu. Msichana mwenye alama za juu kabisa za kemia alihitaji kaka, baba au mume aliye tayari kuhamia naye ng'ambo. Mwenye kaka mwenye shughuli zake alibaki.

Na kwa waliobaki, kulikuwa na suala la barabara, neno ambalo hapa nalitumia kwa maana yake halisi ya lami. Riyadh ilijengwa kwa ajili ya gari. Ni mji wa barabara pana na umbali mrefu chini ya jua lisilo na huruma, na reli yake ya mjini haikufunguliwa hadi mwisho wa mwaka 2024. Mwanamke aliyepata kazi upande wa pili wa mji alipaswa kumtegemea mume, kaka, teksi, au dereva wa kuajiriwa, na mshahara wa mwanasayansi anayeanza ulimegwa na dereva kabla haujafika nyumbani. Ndiyo maana tarehe 6 Novemba 1990 ni tarehe ya historia ya sayansi pia, ingawa vitabu vya sayansi haviitaji. Siku hiyo wanawake 47 waliendesha magari yao kwa msafara katikati ya Riyadh, huku majeshi ya kigeni yakiwa yamejaa nchini kusubiri vita vya Kuwait. Wengi wao walikuwa wasomi, baadhi wakifundisha Chuo Kikuu cha Mfalme Saud. Walisimamishwa kazi, wakakemewa kwenye mimbari za misikiti, na pasipoti zao zikazuiwa. Katazo la kuendesha, lililokuwa desturi, likapewa nguvu rasmi.

Msiba mmoja ulilazimisha mabadiliko ya chombo chenyewe. Tarehe 11 Machi 2002 moto uliwaka katika shule ya wasichana ya Makka na wasichana 15 wakafa. Magazeti ya Saudia yenyewe yaliandika kwamba polisi wa dini waliwazuia waokoaji kwa kuwa wasichana walikuwa wakitoka bila kujisitiri. Serikali ilikanusha, lakini ndani ya mwezi huo huo Urais wa Elimu ya Wasichana uliondolewa mikononi mwa wanazuoni na kuunganishwa na Wizara ya Elimu. Baada ya miaka 42, mtaala wa hesabu wa msichana ulisimamiwa na ofisi ile ile iliyosimamia wa mvulana. Kilichofuata kilikuja kwa kasi. Chuo cha Effat, kilichofunguliwa Jeddah mwaka 1999 kwa jina la mwasisi wa Dar al-Hanan, kilianza kufundisha wasichana uhandisi katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2005 Nadia Bakhurji, msanifu majengo, alichaguliwa kuingia bodi ya Baraza la Wahandisi, katika taaluma ambayo karibu wapiga kura wote walikuwa wanaume. Nalitaja hili kwa wale wanaoamini kwamba kila hatua ya wanawake wa Saudia ilitoka ikulu. Mwaka 2009 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mfalme Abdullah huko Thuwal, mwendo wa kama saa moja kaskazini ya Jeddah, ambako wanawake na wanaume walikaa maabara moja. Sheikh Saad al-Shethri wa Baraza la Wanazuoni Wakuu alipoukosoa mchanganyiko huo, mfalme alimwondoa barazani.

Msomaji makini atakuwa amekwishaona pingamizi kubwa, nami sitaki kulikimbia. Mwaka 2018 wanasaikolojia Gijsbert Stoet na David Geary walichapisha utafiti uliodai kwamba katika nchi zenye usawa mdogo wa kijinsia wasichana wengi zaidi husoma sayansi, na katika nchi zenye usawa mkubwa huiacha. Wapo waliolipokea dai hilo kwa furaha: kumbe wanawake wakipata uhuru huchagua mambo mengine, na wa Uarabuni husoma kompyuta kwa kukosa hiari. Hesabu za utafiti huo zilipingwa na watafiti wengine na mwaka 2019 waandishi wakalazimika kuchapisha masahihisho, lakini tuliache hilo. Saudia yenyewe inatoa jaribio bora kuliko jedwali lolote. Katika nchi moja, kwa miaka ile ile, chini ya dini moja na mila moja, wasichana walijaa idara za biolojia na kompyuta na walikuwa haba mno katika uhandisi. Kama tabia ya wanawake ndiyo inayoamua, mbona iligawanyika hivyo? Tofauti kati ya fani hizo haikuwa ndani ya vichwa vya wasichana. Idara za biolojia zilikuwapo katika majengo yao, za uhandisi hazikuwapo. Kompyuta ilifanyika ndani ya ukuta, mtambo wa mafuta haukuwa ndani ya ukuta. Waliingia pale palipokuwa na mlango, na milango ya uhandisi ilipofunguliwa Jeddah na baadaye Dhahran, waliingia huko pia. Jibu hilo hilo linawahusu wanaoisingizia dini. Buraydah na Jeddah zilisoma Kurani moja. Oman, ambako jamaa zetu wengi wanaishi, wanawake waliendesha magari na kusoma uhandisi miaka mingi kabla, na hakuna aliyewahi kudai kwamba Muscat imeacha Uislamu.

Mabadiliko ya baada ya mwaka 2016 yanathibitisha hoja hii kwa kasi yake. Amri ya Septemba 2017 iliruhusu wanawake kuendesha kuanzia tarehe 24 Juni 2018. Mwaka 2019 mwanamke mwenye miaka 21 na zaidi aliruhusiwa kupata pasipoti na kusafiri bila idhini ya walii. Mwaka 2020 ibara zilizombagua kikazi zikaondolewa katika sheria. Ushiriki wa wanawake wa Saudia katika nguvu kazi, uliokuwa chini ya asilimia 20 mwaka 2017, ulizidi theluthi moja kufikia mwaka 2022. Hakuna kampeni ya hamasa duniani inayobadilisha mioyo ya kizazi kwa miaka mitano. Sheria hubadilishwa kwa siku moja, na mioyo iliyokuwa ikisubiri hujitokeza asubuhi yake. Rayyanah Barnawi, aliyezaliwa Jeddah mwaka 1988, alisoma New Zealand kisha akapata uzamili Chuo Kikuu cha Alfaisal mjini Riyadh na kufanya utafiti wa seli shina za saratani katika Hospitali ya Mfalme Faisal. Tarehe 21 Mei 2023 alirushwa kutoka Florida kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambako alichunguza jinsi seli za kinga ya mwili zinavyoshughulikia uvimbe katika hali ya kutokuwa na uzito. Magazeti yalimpamba kama mwanamke wa kwanza wa Saudia angani. Nisba yake inaitaja Borno, nchi ya Afrika Magharibi iliyopeleka mahujaji Hijazi karne na karne. Hilo magazeti mengi hayakulitaja, nasi tunaozijua nisba zinavyosafiri hatuna budi kulisoma.

Je, si pambo la serikali? Kwa sehemu ndiyo. Mwezi Mei 2018, wiki chache kabla ya katazo la kuendesha kuondolewa, walikamatwa wanawake waliokuwa wamelidai hilo kwa miaka, Loujain al-Hathloul akiwa maarufu zaidi. Kati yao alikuwamo Aziza al-Yousef, aliyefundisha sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Mfalme Saud hadi kustaafu. Mwalimu wa wanafunzi wale ambao sasa wanaitwa nguvu ya uchumi mpya alikuwa rumande wakati mlango alioubisha unafunguliwa. Sioni sababu ya kuchagua kati ya mambo hayo mawili: mlango ulifunguliwa kweli, na aliyebisha aliadhibiwa kweli. Yote mawili yanatokana na mazoea yale yale ya tangu 1955, ya kumpa mwanamke nafasi kwa jina la kitu kingine. Safari hii kitu hicho kinaitwa Dira ya 2030, mpango uliotangazwa Aprili 2016 kwa ajili ya kuiandaa nchi kuishi bila kutegemea mafuta peke yake. Aliyeingia kwa hesabu ya uchumi anakaribishwa. Aliyekuja kudai kwamba haki hiyo ni yake anatiliwa shaka.

Bado kuna kipande kimoja cha njia ambacho takwimu za Riyadh hazikionyeshi, na msomaji wa Kiswahili anakijua kuliko mwandishi yeyote wa huko. Mtafiti anapotoka asubuhi kwenda maabara, nyumba haijifagii na mtoto hajilishi. Waume hawakuhamia jikoni kwa amri ya mfalme. Mara nyingi aliyebaki na mtoto ni mwanamke aliyetoka Ufilipino au Indonesia, na kwa miaka ya karibuni Kenya na Uganda. Makumi ya maelfu ya mabinti wa kwetu wamepita viwanja vya ndege vya Nairobi na Entebbe kwenda kuwa sehemu ya njia hiyo. Sheria ya kazi ya mwaka 2005, ile iliyozungumzia maumbile ya wanawake, ina ibara ya 7 ambayo iliwatoa watumishi wa nyumbani nje ya ulinzi wake wote. Kanuni yao ya pekee ilikuja mwaka 2013. Mageuzi ya Machi 2021, yaliyomruhusu mfanyakazi mgeni kubadili mwajiri bila idhini ya yule aliyemleta, yaliwataja tena watumishi wa nyumbani, kwa ajili ya kusema kwamba hawamo.